Karatasi Iliyokuita Muongo

Mwanangu Rukia,

"Hakuna jibu sahihi wala jibu la makosa. Jibu kama ulivyo."

Maneno haya utayakuta Jumatatu, juu kabisa ya karatasi watakayokupa kule Dar es Salaam, kabla ya swali la kwanza. Ni uongo. Nakwambia mapema na nakwambia kwa ukali, kwa sababu wao wameyaandika kwa upole, na upole huo ndio unaowaponza watu. Kama hakuna jibu la makosa, mbona wanaingia watu chumba kizima na wanaoitwa tena hawajazi benchi moja? Wale waliorudishwa wamekosea wapi? Fundi wa nguo anapokupima mkono, anakupima ili akushonee wewe. Hawa kanzu wameshaishona zamani, imetundikwa nyuma ya mlango, na wanatafuta mwili utakaoingia. Mwili usipoingia wanauambia kuwa una kasoro.

Hayo umeshayasikia hapa nyumbani mpaka umechoka. Unayajua makala yangu, unajua ninavyopiga meza. Ninalotaka kukuandikia leo hujalisikia.

Mama yako anakupangia sanduku chumba cha pili, na nnamsikia anavyokuhesabia: dawa ya kifua, khanga mbili za kulalia, namba ya shangazi yako wa Temeke uiandike na kwenye daftari maana simu zinaibiwa. Mambo hayo namwachia yeye. Kesho asubuhi unapanda boti na Zuhura na Tatu, wenzako wa chuo, mnakwenda kufanya usaili wa kampuni moja ya bima. Ukipita utabaki huko. Usipopita pia umeshatwambia utabaki huko utafute chengine, kwa sababu hutaki tena kupita njia za Mpendae ukaulizwa na kila mtu, "Vipi, ushapata?" Kwa hivyo vyovyote itakavyokuwa, unaondoka. Na mimi nina jambo nililokuficha karibu mwaka mzima. Nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo. Mimi niliyesimama mbele ya masheikh na mawaziri nikawaambia wamekosea, nimeshindwa kukwambia wewe, umekaa mbele yangu unakula mkate wa kumimina.

Karatasi ya hoteli ya Uroa niliitafsiri mimi.

Isome tena sentensi hiyo, kisha uendelee.

Unaikumbuka barua yao kuliko mimi. Ulikuwa umeomba kazi ya mapokezi. Usaili wa mdomo ulipita, Kiingereza ulipita, hata kile Kitaliano ulichojifunza mwenyewe kwenye simu waliambiana wenyewe kwa wenyewe kuwa ni kizuri. Kisha wakakupa kile wanachokiita kipimo cha haiba: sentensi nyingi, na kila moja utie alama, unakubali kabisa, unakubali, huna hakika, hukubali, hukubali kabisa. Ukarudi nyumbani unacheka. Ukasema, "Baba, mtihani wa kitoto, wanataka kujua kama napenda watu." Baada ya wiki mbili ikaja barua. Uliisoma umesimama mlangoni, buibui bado liko mwilini. Iliandikwa kwamba majibu yako "hayakuonesha kiwango cha ukweli kinachohitajika".

Ukaniuliza, "Baba, mie muongo?"

Nikakujibu, "Wapuuzi hao. Waache." Nikaingia ndani nikaandika makala. Ukurasa mzima. Niliwachambua wenye hoteli, niliichambua karatasi yao, niliuliza kwa haki gani mtu asiyejua hata jina la mtaa wetu anapima ukweli wa watoto wetu. Watu walinipigia simu kunipongeza. Wewe uliikata makala ile gazetini ukaitia kwenye faili lako la vyeti, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Niliandika kila kitu ndani yake isipokuwa jina la mfasiri.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Wakati ule wewe bado uko chuo na mimi nina kile kijiofisi cha tafsiri Mkunazini, siku moja alikuja Harith, ofisa ajira wa hoteli ile. Ni mtu wa mjini, mwenzetu, amesoma nje akarudi. Kaja na karatasi kwa Kiingereza, anataka Kiswahili. "Kizuri, maalim," kaniambia, "si kile cha kwenye maboksi ya dawa." Nilifurahi. Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi: napenda kukutana na watu wapya, nakasirika haraka, napanga mambo yangu mapema. Kisha nikafika kwenye sentensi tatu zilizotawanywa, moja mwanzoni, moja katikati, moja karibu na mwisho. Sijapata kusema uongo. Sijapata kumsema mtu nyuma yake. Sijapata kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa, hata kidogo.

Aliporudi alasiri ile nikamuuliza, "Bwana Harith, hizi tatu nani atazikubali? Malaika?"

Kacheka. "Ndizo zenyewe hizo, maalim. Mtego. Hapana mtu wa namna hiyo duniani. Anayekubali zote tatu anatudanganya, basi na majibu yake mengine yote tunayatupa."

"Na asiyetaka kusema?"

"Kusema nini?"

"Aibu zake. Wewe umezaliwa Malindi, hapa hapa mjini. Bibi yako angeandika kwenye karatasi ya hoteli kuwa aliwahi kuiba?"

"Bibi yangu haombi kazi, maalim."

Tukacheka sote wawili. Ndiyo, Rukia. Nilicheka.

Nilijua. Hilo ndilo nnalotaka ulijue: nilijua pale pale. Sikuwa mjinga aliyepewa kisu akidhani ni kijiko. Nilijua kwamba kwetu mtu akiwa na kosa, anamwambia Mola wake na analifunika mbele ya watu. Kulifunika kosa lako hakuhesabiwi uongo kwetu. Ni sitara, ni katika malezi, na anayejitangazia madhambi yake ndiye tunayemtazama vibaya. Karatasi ile ilitengenezwa na watu ambao kwao kukiri kosa dogo mbele ya mgeni ni dalili ya uungwana. Kwetu ni dalili ya kukosa haya. Kwa hivyo mtego ule ulikuwa unawanasa waliolelewa vizuri na kuwaacha wapite wasiojali. Nilimwambia Harith hayo kwa mzaha, mara moja, na aliponijibu kwa mzaha nikanyamaza. Mimi! Mtu ambaye hawezi kuiachia hata koma ya mhariri ipite.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana, na jibu ni dogo mno. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda kazi yangu.

Na kosa langu kubwa zaidi bado sijakutajia. Tafsiri yangu ya kwanza ya sentensi zile ilikuwa kavu. "Mimi sijawahi kamwe kusema uongo wowote." Ukiisoma unashtuka, unahisi kuna mtu kajificha nyuma yake. Laiti ningeiacha hivyo. Wengi wangesita, wangejiuliza. Lakini sikuridhika nayo, nikaona hakuna mtu wa Unguja anayesema hivyo. Nikakaa nayo siku mbili. Mwisho nikaandika: "Namshukuru Mungu, sijapata kusema uongo." Nikatia shukurani hiyo kwenye zote tatu.

Unaona nilichofanya? Nimeliweka jina la Mungu mbele, kisha nikampa mtu kalamu aandike "sikubali kabisa". Nani atakubali kuandika hivyo? Mkono unakataa wenyewe. Harith aliposoma alinyanyuka kwenye kiti. "Maalim, hii sasa imekuwa ya kwetu!" Nilirudi nyumbani siku ile najiona fundi. Naamini nilikuwa fundi kweli. Niliupiga msasa mtego mpaka ukawa laini, nikaupaka asali.

Wa kwanza niliyemuona amenaswa hakuwa wewe. Alikuwa mtu wa Tumbatu anaitwa Makame, fundi wa mashine za boti, anazijua mashine kama mama yako anavyozijua sufuria zake. Aliomba kazi kwenye boti za hoteli ile. Barua ya kukataliwa waliiandika kwa Kiingereza, akaileta ofisini kwangu nimsomee.

"Maalim, nisomee," kasema. "Mie nimeona jina langu tu na neno 'sorri'."

Nikaisoma. Ilikuwa na maneno yale yale uliyokuja kuyapata wewe. Akawa ananitazama mdomo.

"Wanasemaje?"

"Wanasema nafasi zilijaa."

"Basi?"

"Basi."

"Hawajasema nna kosa?"

"Hawajasema."

Akavuta pumzi. "Kheri basi. Nshadhani wamenitoa kasoro. Mke wangu kashanisema, wewe Makame, mdomo wako mbaya, lazima umewajibu jeuri. Nikamwambia, mie? Nimejibu kama niko msikitini!" Akacheka kwa sauti, akaniachia pweza mkavu kwenye gazeti, akenda zake.

Kajibu kama yuko msikitini. Sikuweza kumla yule pweza. Nilimpa jirani. Nilimdanganya mtu usoni kuhusu karatasi iliyomwita yeye muongo, na siku ya pili nikafungua ofisi kama kawaida, na baada ya hapo ukaja wewe ukaniambia unaomba kazi Uroa. Nikakwambia, "Inshallah utapata." Ningeweza kukwambia kitu kimoja tu, dakika moja tu. Nilijiambia kwamba ni siri ya mteja. Hayo ndiyo maneno niliyojiambia, siri ya mteja, mimi ambaye nimechapisha siri za wakubwa na kujisifia.

Na hata ulipokuwa unaisoma barua mlangoni, mtu aliyekulea kwa namna ya kuanguka ndani ya shimo lile alikuwa mimi. Ulikuwa na miaka minane, Ramadhani, umerudi skuli alasiri uso umekushuka. Ukaninong'oneza kuwa umekunywa maji msalani. Wala kufunga hakukuwa wajibu wako bado. Nikakuuliza, "Nani kakuona?" Ukasema hapana mtu. Nikakwambia, "Basi Mungu kakusitiri. Mwombe Yeye akusamehe, na usimwambie mtu mwengine, hata mama yako. Mtu hajivui nguo mwenyewe akasimama njiani." Ukaitikia kwa kichwa. Nilijiona mlezi bora siku ile. Miaka kumi na sita baadaye ukapewa kalamu, ukaulizwa na watu usiowajua kuhusu makosa yako, ukafanya kama baba yako alivyokufundisha. Hukujivua nguo. Na karatasi ya baba yako ikasema unadanganya.

Baada ya makala yangu kutoka, Harith alinipigia simu. Hili pia sikukwambia.

"Nzuri sana, maalim," kasema. "Ila jina lako hukulitia."

Nikamwambia aziondoe zile sentensi tatu, au angalau ile shukurani. Nikapandisha sauti. Akaniacha nimalize, kisha akanijibu taratibu, na nakuandikia jibu lake lote kwa sababu sijapata dawa yake mpaka leo.

"Maalim, kabla ya karatasi hii kulikuwa na swali moja tu kwenye ajira hapa kisiwani: mtoto wa nani? Hebu nambie, ualimu wako wa kwanza nani alikuingiza?"

Mjomba wangu aliniingiza, Rukia. Alikwenda kwa mkuu wa skuli, wakanywa kahawa, nikapata. Kulikuwa na kijana wa Bwejuu aliyepasi kuliko mimi, hakuwa na mjomba mjini, akarudi kwao. Najua jina lake, sijawahi kumuuliza alifanya nini na maisha yake.

"Umeona, maalim?" Harith kasema. "Basi mimi angalau nawauliza wote maswali sawa. Na kuziondoa siwezi. Kipimo kile sasa kimechukuliwa na hoteli nyengine, na nasikia kuna kampuni bara zimekiomba. Wamekipenda Kiswahili chake."

Wamekipenda Kiswahili chake. Kwa hivyo siwezi kukuapia kwamba karatasi ya Jumatatu haina mkono wangu. Ukikutana na sentensi inayoanza kwa kumshukuru Mungu, ujue ni baba yako huyo anakuuliza.

Nimesoma vitabu vya wanaovitetea vipimo hivi na vya wanaovipinga. Nimesoma kwa hasira na penseli mkononi. Sikutoka na njia safi ya kukuonesha. Upande mmoja ni mlango wa mjomba, upande wa pili ni karatasi inayojifanya haina mjomba. Nilipokuwa na umri wako nilidhani ukipiga kelele ya kutosha utafunguka mlango wa tatu. Nimepiga kelele miaka thelathini. Sijauona. Sikufichi, nimechoka, na wala sitegemei kuuona.

Nnachoweza kukupa ni kile nilichokiona nyuma ya pazia, na hata hicho nakupa kwa kuona haya. Unaikumbuka wiki iliyopita nilipokukalisha mezani nikaanza kukuuliza maswali? Ulidhani nimekuwa baba mwema ghafla. Nilikuwa nalipa deni la ulimi wangu bila kulitaja. Nikakuuliza, "Umepata kusema uongo?" Ukanitazama, ukatazama jikoni, ukasema, "Upi niseme, Baba?" Na mama yako akaropoka kutoka kule kule kwenye moshi, "Hee! Sasa unamfundisha mtoto kuungama kwa watu wa bima?" Tukacheka mpaka ukapaliwa. Lakini mama yako alisema kweli. Nilichokuwa nakufundisha ni kuuza kosa dogo ili wakuamini. Wakikuuliza kama umepata kusema uongo, waambie ndiyo, umepata, kama kila mtu. Tia alama yako hapo na uendelee. Mungu anajua kwa nini umelifunua kosa lako, na anajua nani alikulazimisha.

Na yapo mengine. Swali moja litakujia mara tatu kwa nguo tofauti, kwa sababu wanatazama kama utasimama palepale. Mtu anayejibu upesi na kwa moyo wake mwenyewe anasimama palepale bila taabu, anayetunga ndiye anayepotea. Usikimbilie "sina hakika". Najua kwa nini utaipenda: kwetu katikati ndiko kwenye adabu, hujitutumui wala hujishushi. Wao wakiona alama zako zote ziko katikati wanaona kiti kitupu. Wakiuliza kama unapenda kuongoza wenzako, utataka kusubiri mkubwa aseme kwanza. Usisubiri. Wewe ndiye uliyewapanga darasa zima la chuo wakati wa maandamano ya kudai vitambulisho, nilikuona, na hukumsubiri mtu. Hiyo si kujisifu, hilo limetokea.

Lakini nnaloliogopa zaidi ni hili, kwa kuwa limenikuta. Usimtunge Rukia mwengine wa kuwapendeza. Anatungika, tena kwa urahisi. Unasoma tangazo la kazi, unajua wanataka mtu mchangamfu, asiyechoka, asiyekasirika, unamjenga pale pale kwa kalamu. Ukimaliza wanamwajiri yeye. Halafu kila asubuhi inabidi umvae umpeleke kazini. Nami nilimtunga mtu kwenye magazeti nilipokuwa kijana, mtu mkali, asiyeogopa, asiyekosea. Watu walimpenda. Nimemvaa miaka yote hii, nikamleta na nyumbani, akakaa nanyi mezani. Ndiye aliyekujibu "wapuuzi hao" siku ile mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, nataka kusema ni mimi, na yeye hakunipisha. Mtu asiyekosea hana namna ya kusema nimekosa. Ukubwani huwezi tena kumvua, ngozi imeshashikana naye.

Swali lako nalijibu sasa, limechelewa. Hapana, mwanangu. Wewe si muongo. Karatasi ile haikukujua. Ilikujua kwa nusu saa, kwa Kiswahili cha mtu aliyekuwa anajipendeza mwenyewe. Muongo alikuwa mezani kwake Mkunazini.

Usinipigie simu kesho ukiwa botini kuniambia "nshakusamehe, Baba". Nakujua, utataka kufanya hivyo kabla hata hamjaiacha bandari, kwa sababu umelelewa kumwondolea mkubwa fadhaa. Usiniondolee. Kaa nayo. Kama utakasirika, kasirika mwezi, kasirika mwaka. Itoe ile makala kwenye faili lako, haistahiki kulala na vyeti vyako.

Kwa Makame nimekwenda juzi. Nilivuka mpaka Tumbatu kumtafuta, nikamwambia yote mbele ya mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema, "Kwa hivyo nilitolewa kwa sababu nilimshukuru Mungu?" Nikasema ndiyo. Kasema, "Na wewe ulijua, ukala pweza wangu?" Nilitaka kumwambia sikumla. Nikaliacha, kwa kuwa ingekuwa ni kujitetea. Hakunikaribisha chai. Mkewe alinisindikiza hadi njiani, akarudi ndani. Sikutoka kule nimepona, na sikuandikii haya ili udhani mambo yametengenea. Hayajatengenea. Karatasi bado inatumika, Makame bado anatengeneza mashine za watu kwa vibarua, na wewe unakwenda kukaa mbele ya karatasi nyengine ambayo sijui ni nani aliyeipaka asali.

Najua barua hii hutaisoma peke yako. Zuhura atakuchungulia begani na Tatu atakunyang'anya kurasa, ndivyo mlivyo. Vizuri. Basi nasema na nyote watatu, na sitawaahidi kuwa nnalolitaka litawaletea kheri. Huenda wakawaona wakaidi. Huenda wakawarudisha kabla hamjaanza, na mtashuka ngazi zao mkinilaani. Nalitaka hata hivyo, kwa sababu siku ile ofisini kwangu palihitajika mtu mmoja tu wa kuuliza mara ya pili, na hakuwepo.

Zuhura, Tatu, na wewe Rukia. Jumatatu, kabla hamjatia alama hata moja, simameni pamoja. Waulizeni kwa sauti chumba kizima kisikie: sentensi hizi kaziandika nani, zilijaribiwa kwa watu gani kabla yetu, na majibu yetu tutaoneshwa lini? Msikae mpaka mjibiwe.